Zuberi aliniacha stendi China kwenye mji wa lulu, nikaenda kuvunja bakuli la Wahakka

Basi linaondoka. Zuberi yumo ndani, na pasipoti yangu imo kwenye mkoba wake.

Mimi nimebaki stendi na ndizi nilizoshuka kununua. Kichina sijui hata neno la kuombea maji.

Wakuu, hamjambo humu. Haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Nikitia chumvi, Zuberi yupo Hillbrow hapa Joburg, aje anikanushe.

Mimi ni mama wa Tanga, shule niliishia la nne. Niliolewa Morogoro na mkimbizi wa Kisauzi, kwao kulipopatikana uhuru akanileta Joburg. Nauza shanga na lulu Joubert Park.

Zuberi, mfanyabiashara mwenzangu, akaja na maneno yake: dada, twende China zinakotoka, Kichina nakitafuna. Pasipoti akanishikia yeye, eti wezi wengi.

Mji wenyewe aisee mtamu. Lulu zimejaa mabeseni kama choroko, unachota kwa kiganja. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa pale stendi nikawa nalia. Bibi mmoja muuza chaza akanishika mkono mpaka kwake. Akaniletea nyama, nikaguna kama nguruwe huku nauliza kwa kichwa kama ndiyo yenyewe, maana mimi siili. Akacheka, akaiondoa.

Akatoa bakuli la udongo, akatia majani ya chai, karanga na ufuta, akawa anasaga na mti, taratibu mno. Mtoto wa Tanga nikaona ananichelewesha. Nikachukua mti nikatwanga kama kisamvu.

Bakuli likapasuka vipande viwili.

Halafu bibi akacheka mpaka akashika ukuta. Akaleta lingine, akanishika mikono anifundishe. Chai ile inanywewa na wali, wakuu, nilimaliza mabakuli.

Mwanawe akaingia, akaniangalia, akasema, "Sawubona, mama. Uphuma eGoli?"

Kizulu! Ananiuliza kama natoka Joburg. Kumbe aliuza mablanketi miaka mingi karibu na Park Station. Nilimkumbatia bila kuuliza mila zao.

Akaniambia wao ni Wahakka, na jina hilo maana yake wageni. Babu zao walihamia huko zamani sana na bado wanaitwa hivyo.

"Mgeni mwenzetu halali stendi," akasema.

Mimi Joburg naitwa mgeni kila siku kwenye teksi, na si kwa mapenzi. Kwa bibi yule neno hilohilo lilikuja na karanga.

Asubuhi mwanawe akanipeleka na pikipiki hadi gesti ya mji uliofuata. Njiani tulimkuta dereva wa basi lile, akamwuliza kwa Kichina, naye akatuelekeza alikoshukia Zuberi. Zuberi nikamkuta anakula tambi.

"Dada, nilijua hupotei," akasema.

Nikafungua mkoba wake nikachukua pasipoti yangu.

Wakuu, pasipoti ni ngozi yako, usimvulie mtu.

Karibuni mchangie, ila mwacheni mmoja aanze. Zuberi, dereva alisema ulimwambia hakuna aliyebaki. Kwa nini? Jibu hapahapa, mbele za watu.