Kabati la Kushoto na Kabati la Kulia

Wifi yangu alifanya kwa miaka kumi na tisa kazi ya kutazama migongo ya samaki. Kila nikisema hivyo alikuwa ananikatiza hapo hapo: pomboo si samaki, wifi, ananyonyesha na anavuta hewa kama wewe. Haya basi, alitazama migongo ya ndugu zangu wa majini. Kazi hiyo ndiyo iliyommaliza macho, na jinsi ilivyomtoka ndiyo ninayotaka kuisimulia, maana wakubwa wa kituo chake cha utafiti wa bahari wamekwisha kuisimulia kwa namna yao na uongo wao umenikaa kooni.

Alikuwa mke wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki tulibaki wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili, mimi na cherehani yangu, yeye na mapicha yake. Kitambulisho chake cha kazi kilisema Msaidizi wa Kumbukumbu, Daraja la Tatu. Nilimuuliza daraja la nne ni nani, akaniambia hakuna.

Kazi alifundishwa na mtaalamu wa kwanza wa kituo, mama mmoja mkali aliyeendesha boti mwenyewe na kutukana kuliko mabaharia. Yule nilimpenda. Walikuwa wakitoka asubuhi, na pomboo wakichomoza kuvuta pumzi wanawapiga picha pezi la mgongoni. Kila pezi lina mapengo na mikwaruzo yake, halifanani na la mwenzake. Wifi anakaa chumba cha nyuma, kilichowahi kuwa stoo ya rangi, na kulinganisha picha mpya na za zamani mpaka ajue huyu ni nani. Picha za ubavu wa kushoto zinakwenda kabati la kushoto, za ubavu wa kulia kabati la kulia, kila kabati na namba zake, kwa sababu mnyama akikupita hasimami akageuka umpige na upande wa pili. Akija kujua kwamba namba fulani ya huku na namba fulani ya kule ni mnyama mmoja, anaandika kwenye daftari lake. Ukitaka kujua wako wangapi, unafungua daftari. Mimi fundi cherehani, niliyeishia darasa la saba, nilielewa siku ya kwanza niliyoelezwa.

Aliwajua kwa majina aliyowapa mwenyewe: Msumeno, Pengo, Mama Watatu. Watoto wa dada yangu alikuwa akiwachanganya kila sikukuu, lakini umwamshe usingizini umuulize Msumeno ana mikato mingapi, atakwambia. Miaka ya mwanzo ghuba wanamozalia ilikuwa wazi kwa nyavu kubwa hata msimu wa kuzaa. Pomboo akinaswa hawezi kupanda kuvuta pumzi, anakufa maji, na mtoto wake anazungukazunguka pale mpaka naye anaswe. Wifi alikuwa akiletewa picha za maiti ufukweni ili aseme nani kafa. Siku hizo alirudi nyumbani akalala bila kula. Ndipo yule mama mkali akapigana na maofisi mpaka ghuba ikafungwa kila msimu wa kuzaa, kwa sharti moja: pomboo wakizidi mia, nyavu zitarudi.

Yule mama akastaafu. Akaja Mkurugenzi mpya, ambaye mimi nilimbatiza Bwana Semina.

Bwana Semina ni mtu wa kupigiwa picha. Alikuwa na koti la kuelea la rangi ya chungwa ambalo halijawahi kulowa, maana alikuwa akitapika boti ikiwa bado imefungwa gatini. Kila mwezi yuko kwenye ndege kwenda kuwaeleza watu wa mbali mambo ya bahari asiyothubutu kuiingia. Miaka mitatu mizima hakukanyaga chumba cha nyuma hata mara moja. Alikuwa akipaza sauti toka koridoni, na wifi anatoka mbio kama ameitwa na mume. Nilimwambia aache kukimbia. Akasema si neno, ndiyo heshima ya kazi. Heshima gani? Nilikuwa namdharau yeye pia kidogo, sifichi.

Siku moja Bwana Semina alitaka idadi. Wifi alikuwa likizo ya ugonjwa, macho yanamtoka machozi hata kwa mwanga wa taa. Bwana mkubwa akamtuma mhudumu amsomee namba ya mwisho ya kila kabati. Kushoto themanini na nane, kulia sabini na nne. Msomi mwenye vyeti ukuta mzima akajumlisha. Mia na sitini na mbili! Kila pomboo mwenye picha mbili akawa pomboo wawili, na huyo Bwana Semina akapanda ndege kutangaza kwamba chini ya uongozi wake pomboo wameongezeka karibu maradufu. Walimpigia makofi.

Wenye nyavu nao walisikia. Ombi la kufungua ghuba likafika kwenye kamati ya uvuvi, kikao kikapangwa Alhamisi, na msimu wa kuzaa ulikuwa umebakiza mwezi mmoja uanze.

Wifi alirudi kazini Jumatatu, akaikuta ripoti mezani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mkubwa na picha mbili za Msumeno, ubavu huu na ubavu huu, akamwekea mbele, na daftari linaloonyesha kwamba kila namba ya kulia ina mwenzake kushoto, hivyo wote ni themanini na nane. Bwana Semina alizitazama muda mrefu, na nasikia shingo ilimvuja jasho. Kisha akamwambia ripoti imekwisha kwenda, na idadi ya kitaalamu haibadilishwi na mtunza makabati. Wifi, yule yule aliyekuwa akiitika mbio koridoni, akajibu kwamba basi Alhamisi atakwenda kwenye kamati mwenyewe na daftari lake.

Jumatano saa kumi jioni Bwana Semina aligonga mlango wetu. Kwa miaka mitatu hakujua tunakaa wapi. Siku hiyo alipajua. Alikaa kwenye kiti changu cha kushonea, akakataa chai, akatoa karatasi mkobani. Iliandikwa kwamba mtumishi wa daraja la tatu alichanganya makabati, akampa Mkurugenzi idadi isiyo sahihi, na kwa aibu hiyo anaacha kazi. Akitia sahihi, kesho Mkurugenzi ataitangazia kamati idadi ya kweli. Akikataa, Mkurugenzi atasimama na mia na sitini na mbili, na hapo tuone kamati itamsikiliza nani.

Nilimwambia atoke nyumbani kwa kaka yangu. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki. Wifi alininyamazisha kwa mkono, akaisogeza karatasi hadi karibu igusane na pua, akaisoma mara mbili.

"Hapa hamkuandika themanini na nane," alimwambia. "Iandikeni, kwa tarakimu na kwa maneno. Halafu tieni sahihi yenu kwanza, ndipo nitie yangu."

Bwana Semina aliandika. Wote wawili wakatia sahihi, wifi akabaki na nakala, na yule mtu akaondoka bila kuaga.

Mlango ulipofungwa nilimgeukia wifi kwa hasira zote nilizokuwa nazo. Nilimuuliza amelogwa au vipi. Miaka kumi na tisa, na unajiandikia mwenyewe kwamba wewe ndiye mpumbavu? Kwa ajili ya yule? Nilimwambia hana uti wa mgongo, kwamba kaka yangu angeona haya.

"Ningekataa tungebishana mwaka mzima," alisema. "Wao wangeunda tume, mimi ningeitwa na kurudishwa. Nyavu zinaingia mwezi ujao, wifi."

Nilinuna wiki mbili nzima, tukawa tunapishana kwenye korido yetu ndogo kama wapangaji.

Kisha likatoka gazeti. Nililinunua mwenyewe na kumsomea kwa sauti akiwa anapiga pasi, kwa kuwa maandishi madogo hakuyaweza tena. Sifichi kwamba nilitaka yamuume. Nilimsomea jinsi Mkurugenzi alivyosifiwa kwa ujasiri wa kitaaluma, kwa kufichua bila woga uzembe uliofanyika chini yake. Picha yake ilikuwepo, na koti la chungwa. Nilimsomea neno uzembe mara mbili. Nilingoja alie, au atukane, au angalau aseme nilikuwa na haki.

Aliisimamisha pasi pembeni.

"Ghuba imefungwa miaka mingapi?"

Nikatafuta kwa kidole. Ilikuwa chini kabisa, mstari mmoja. Nikamwambia kumi, kamati imeshtushwa na ile themanini na nane, na si msimu wa kuzaa tu, ni mwaka mzima.

"Hapo pasome tena," alisema.

Nikapasoma tena, polepole, mara mbili.