Kaka Athman Alivyorudi Nyumbani Ili Aondoke

Ninyi mliokulia Mkomani, hapa kwetu Lamu, zama zile mtanisaidia kukumbuka, maana wajukuu zangu hawaniamini. Nawaambia sisi tulikuwa na uwanja wa mpira uliokuwa ukizama baharini kila siku, wanatazamana, wanadhani bibi yao ameanza kuchanganyikiwa. Lakini ninyi mnaujua. Kule Shela, maji yakitoka, mchanga ulibaki umelala, mgumu na baridi chini ya nyayo, mpana kuliko viwanja vyao vya leo vilivyozungushiwa waya. Vijana walichomeka vijiti vyao, wakavua kanzu wakabaki na vikoi vilivyopigwa fundo, mchezo ukaanza. Refa alikuwa bahari. Maji yakigusa kijiti cha goli, basi, mpira umekwisha, hata kama mtu ameshainua mguu apige. Wanaoongoza waliomba maji yafanye haraka, wanaofungwa waliomba yachelewe, na Mwenyezi Mungu akawasikiliza wote kwa zamu.

Sisi wasichana wadogo, ambao buibui lilikuwa bado halijatufikia, tuliruhusiwa kwenda kutazama. Tulitembea ufuoni kutoka Mkomani mpaka Shela na mahamri yetu kwenye upindo wa leso, na tulipofika yalikuwa yameshaliwa, hakuna aliyejua na nani. Mimi nilikwenda kifua mbele kwa sababu mbili. Ya kwanza, mpira wenyewe niliushona mimi, kwa vitambaa na uzi niliouokota chini ya mkeka wa mama, aliyekuwa akishona kofia za vito, zile nyeupe za kudariziwa. Mama alikuwa akinikaripia, "Uzi wa kofia ni wa kitwa, si wa maguu," lakini nikigeuka nilikuta ameniachia kipande kirefu kidogo kuliko cha jana. Sababu ya pili ilikuwa kaka yangu Athman.

Athman alikuwa mrefu, mwembamba, ana miguu ambayo mama alisema Mungu alipoipima alisahau kukata. Akiupata mpira, watu wa Shela walianza kumtukana kabla hajafika golini, ili wasipoteze muda. Mimi nilikuwa mtoto wa ndoto nyingi, na usiku juu ya dari, sote tumelala kwa joto, nilimwona Athman akipiga mpira wangu ukapaa juu ya minara, ukaenda kuanguka nti za mbali, na watu wa huko wakaokota, wakauliza, "Nani aliyeushona?"

Sasa, ili mfahamu yaliyotokea, lazima niwakumbushe desturi ya mlango wetu. Mtu wa nyumbani akisafiri, alipitishwa chini ya msahafu. Mama alishika udhu, akauinua msahafu kwa mikono miwili mlangoni, akasoma Ayatul Kursiyyu, na msafiri akapita chini yake akatoka bila kugeuka. Baba yangu alitoka siku moja mbio mbio, chombo kinangojwa, akasema msahafu tutauinua nikirudi. Hakurudi. Homa ilimkamata Tanga, akazikwa huko huko. Kwa hiyo kwa mama jambo hili halikuwa mapambo. Ndiyo kufuli ya nyumba.

Bwana Mselem, mfanyabiashara wa boriti aliyekuwa akizipeleka Mombasa, alimwona Athman akicheza Shela na akapeleka sifa zake kwa timu moja ya watu wa bandarini. Wakasema aje, kazi itapatikana na mpira utachezwa. Athman akamwomba mama ruhusa. Mama akasema hapana. Akaomba tena, mama akaendelea kushona. Alfajiri moja, mama yuko kwenye sijida, Athman akatoka kimya na furushi lake, na Bwana Mselem, masikini, akampakia chomboni akidhani ameaga.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa amefika katikati ya kofia aliyokuwa akimshonea Athman ya kuvalia Idi. Akaikunja, akaiweka kashani. Jirani yetu Bi Khadija, mwanamke aliyejua habari za mji kabla hazijatokea, alikuja kumpa pole.

"Usimlaani mtoto, shoga yangu."

"Sikumlaani."

"Na radhi, je, umempa?"

"Radhi hutolewa mlangoni," mama akasema. "Mlangoni sikuona mtu."

Basi huko Mombasa, mabwana, yule Athman aliyekuwa akiwalaza makipa wa Shela kwenye maji, hakuweza kufunga. Habari zilikuja na watu wa boriti, kila chombo na zake. Amepiga mwamba. Amepiga juu. Amebaki yeye na kipa, akaanguka mwenyewe. Walisema ni viatu, maana huko walimvalisha viatu vya njumu naye alikuwa hajawahi kubana vidole vyake popote. Walisema siku ya kwanza, kabla ya mchezo, alimwuliza mwalimu wa timu, "Maji hujaa saa ngapi?" na timu nzima ikakaa chini kucheka. Lakini kwetu Amu hakuna aliyehangaika na viatu. Kinyozi alijua, muuza kahawa alijua, watoto wa chuo cha Kurani tulijua. Yule hana radhi. Mpira utaingiaje? Na fununu zikaja kwamba akiendelea hivi, timu itamwacha, na kazi ataikosa, naye ataona haya kurudi. Atakuwa mtu wa Mombasa asiye na kwao.

Hilo la haya ndilo lililonitia hofu. Nilimfahamu kaka yangu. Mbele ya watu alikuwa simba, lakini mbele ya mama hakuweza hata kuinua mato. Nikawaza kwa akili yangu ya mtoto, kama ni mlango tu ndio uliobaki, mbona mlango uko pale pale?

Nikamwita shoga yangu Mwanaesha. Tulitia udhu vizuri, mpaka nyuma ya masikio. Nikaitoa ile kofia nusu kashani, nikampa. Mimi nilikuwa mfupi, nikapanda juu ya mbuzi, kile kibao cha kukunia nazi, tukaugeuza ule ulimi wake wa chuma uelekee ukutani. Nikainua msahafu, nikaanza Ayatul Kursiyyu. Mwanaesha akaishika kofia mbele yake kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyebeba uji wa moto, akapita chini ya msahafu akatoka nje. Nikamwambia asigeuke. Akasema, "Nikienda mbele zaidi nitafika Mombasa, nisimame wapi?"

Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka. Ni mama. Tangu Athman aondoke sikuwa nimekisikia kicheko kile. Alinishusha kwenye mbuzi, akauchukua msahafu mikononi mwangu, akaubusu, akauweka mahali pake juu. Kisha akakaa kitako kwenye kizingiti na kicheko kikageuka. Alilia mpaka Mwanaesha, aliyekuwa bado hajageuka huko nje kwa sababu nimemkataza, akauliza kama sasa anaweza.

Mama akafuta uso kwa upindo wa leso. Akasema, "Kofia haina maguu. Mwambieni Bwana Mselem amwite mwenyewe, aye atoke kama watu."

Siku ile ile akaitoa sindano.

Athman alikuja na chombo cha boriti. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, furushi begani, anatazama vidole vyake, mpaka mama akasema kutoka ndani, bila kuinuka, "Wali unapoa." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kumpokea. Akaingia, akaangukia miguu ya mama, mama akamshika kichwa, na mimi nikakimbilia jikoni kwa sababu sikutaka wanione. Mezani, nasema meza lakini ni mkeka, kulikuwa na wali wa nazi, samaki wa kupaka na achari ya embe, na hakuna aliyetaja mpira mpaka tonge la mwisho.

Ndipo akatusimulia juu ya mwalimu wa timu yao, Mzungu wa Australia aliyeendesha winchi bandarini. Wapagazi walimwita Bwana Goti kwa kuwa alichechemea. Kwao alikulia katika mji wa machimbo ya makaa. Mchana alichimba, jioni alicheza mpira. Alicheza vizuri mpaka akalipwa kwa kucheza, jambo ambalo mama aliomba lirudiwe, hakuamini amesikia sawa. Kisha akavuka bahari hadi Uingereza kuchezea timu ya huko, na alipopita njiani watu walimtaja kwa jina. Lakini siku ya kuondoka kwao mama yake alimkataza, wakagombana, akaubamiza mlango akaenda zake. Akasema nitarudi nikiwa mtu mkubwa. Alipokuwa mtu mkubwa, mama yake alikuwa ameshazikwa. Kisha goti likavunjika, timu haikumtaka tena, na kwao hapakuwa na mtu wa kumrudia. Ndipo akaishia Mombasa.

"Nilipoomba ruhusa ya kuja," Athman akasema, "wakubwa wa timu walikataa. Walisema kuna mchezo mkubwa. Bwana Goti akaniuliza kwa Kiswahili chake kile, 'Mama yako iko?' Nikamwambia yuko. Akasema, 'Basi wewe kwenda.'"

Mama akasema, "Maskini, mwana wa mwenzangu," akainuka kwenda kujaza chupa ya achari.

Kabla ya kuondoka, vijana walimchukua Shela akacheze. Viatu vya njumu walivipokea kama maiti, vikapita mkono kwa mkono. Mzee mmoja alivinusa akasema hivi ni vya punda wa serikali. Athman aliviacha kwangu, akacheza peku, na mipira ikaingia mpaka watu wa Shela wakayaita maji kwa sauti. Mimi nilivipakata viatu vile mchezo mzima. Vilikuwa vizito, vinanuka ngozi na jasho, na ndani vilikuwa na damu iliyokauka penye kisigino. Nikaifuta kwa mate na pindo la kanga yangu. Sikumwambia mtu.

Asubuhi ya safari, mama alipanda juu ya ile ile mbuzi ya nazi, maana Athman alikuwa ameota kama mnazi na yeye ni mfupi kama mimi nilivyo. Mimi nilimshika miguu asianguke. Aliuinua msahafu, akasoma, na Athman, kofia mpya kichwani, imekamilika, akainama akapita. Nilisikia mama akimwambia, "Nimekuwiya radhi, duniani na akhera. Ndia uendeo, ndiyo urudie." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, akidhani simsikii huku chini, "Na yule mwana wa mwenzangu, Mola amtulize."

Athman akatoka bila kugeuka.

Alifunga. Mnataka niseme nini zaidi? Mchezo wa kwanza baada ya kurudi alifunga, na viatu vile vile miguuni. Bwana Mselem alileta habari akiwa bado kwenye ngazi za gati, na Bi Khadija alidai alishajua tangu jana. Bwana Goti alikula achari ya mama bandarini, akatokwa na machozi, na wapagazi wakabishana kama ni pilipili. Kaka yangu alicheza Mombasa, akaitwa Tanga, ambako alizuru kaburi la baba kabla hajagusa mpira, akacheza Unguja, akafika hadi Aden. Kila mara, kabla ya safari ndefu, alirudi nyumbani ili aondoke. Wenzake walimcheka. Yeye alisema wachekeni tu, mimi nina mlango. Miguu ilipochoka alirudi Amu kabisa, akafundisha watoto mpira Shela maji yakitoka, peku, mpaka Mola alipomchukua akiwa na mvi na jina jema.

Namshukuru Mungu kwa yote hayo. Namshukuru kwa mama aliyejua kukasirika bila kulaani, na kwa Mzungu nisiyepata kumwona kwa macho, aliyempa kaka yangu ruhusa ambayo yeye mwenyewe hakupewa na mtu. Hatukuwa na kitu, lakini hatukuondoka nyumbani kama wezi.

Watoto wa siku hizi, sitaki kuwasema sana. Wanaaga kwa kidole. Wanaandika kwenye simu "nimeshafika" na wewe ulikuwa hujui kama waliondoka. Juzi mjukuu wangu alipata kazi Uarabuni. Asubuhi nyumba nzima ilikuwa sanduku la magurudumu, paspoti iko wapi, chaja iko wapi, mashua ya kwenda uwanja wa ndege Manda inangoja. Akanibusu shavuni, nyaya masikioni, akasema, "Bibi, nitakupigia nikifika." Akaenda. Nilikuwa nimeshashika udhu tangu alfajiri. Nikabaki nimekaa, nikajiambia kila zama na watu wake, nikaanza kukunja leso.

Kisha nikasikia viatu vinakimbia kichochoroni. Kijana mrefu, mwembamba, miguu ile ile ambayo Mungu alisahau kukata, amesimama mlangoni anahema, nyaya ameziondoa masikioni.

"Bibi," akasema, "sijatoka."

Nikamwambia anisogezee mbuzi.