Mama Barafu na Makaa ya Chai

Wifi yangu aliuza makochi akanunua mashine. Nalisema mapema kwa sababu mtaa mzima ulilisema, tena kwa uchungu, utadhani makochi yalikuwa ya kwao. Kaka yangu, mumewe, ni fundi bomba. Alirudi kazini akakuta sebuleni kumesimama kitu kama jokofu, mlango wa duara, kinanguruma.

"Mke wangu, wageni watakalia nini?"

"Viti vya plastiki. Makochi hayazai, baba."

Ndivyo alivyo. Hana maneno mengi, ila aliyonayo yanatosha.

Nyuma ya nyumba ana mipapai, migomba, nyanya na bamia. Zamani vikiiva kwa pamoja, nusu tulikula, nusu waligawiwa majirani, nusu ya tatu wakala inzi. Siku hizi anamenya, anakata vipande vyembamba, anavipanga kwenye trei visipandane, anavitia ndani. Mashine inavigandisha mpaka viwe mawe, kisha inafyonza hewa yote. Barafu iliyomo kwenye tunda inatoka kama mvuke, haipiti kwanza kwenye maji, inakwenda kuganda upya kwenye kuta za mashine. Papai linabaki na umbo lake, rangi yake na utamu wake, ila jepesi kama unyoya. Ukilitafuna linavunjika kama biskuti, halafu linayeyuka ulimini. Basi watu wakamwita Mama Barafu.

"Mama Barafu," muuza genge alimwambia siku moja, "mbona mifuko yako myepesi hivi? Unauza hewa?"

"Nauza hewa, ndiyo. Na wewe mbona unalamba vidole?"

Adui yake ni unyevu. Kipande kikiachwa wazi kwa muda wa kumsengenya mtu mmoja tu, kimeshalegea kama ndala. Kwa hiyo siku ya kufunga mifuko, sufuria la maji ya moto halipiti sebuleni kwake, awe anapita nalo nani. Na hafungi kabla ya kupima. Anachukua kipande kinene cha katikati ya trei, anakivunja, anakigusisha mdomo wa juu. Kikiwa baridi, barafu bado imo. "Mkono unadanganyika," husema, "mdomo haudanganyiki."

Sasa binti yake akapata mchumba, na wazazi wa kijana wakataka kuja kutuona. Baba ni fundi cherehani, mtu mpole. Mama ndiye tuliyeonywa habari zake. Nyumba aliyopelekwa kabla yetu alitoka hajamaliza kikombe, kisa mama mwenye nyumba anachekacheka mno. Mwanawe hakuoa pale. Binti yetu alikuwa amempenda huyo kijana mpaka chumvi anatia mara mbili kwenye mboga.

"Mama, siku hiyo zima mashine."

"Mapapai yako ndani tangu juzi, mwanangu. Yatamalizika yenyewe, wala hawataisikia."

Waliisikia. Mama wa kijana alikagua kiti cha plastiki kama anayeogopa kitamng'ata, akaketi, akapakata mkoba wake.

"Hicho kinachonguruma ni nini?"

"Ni kazi yangu, mama."

"Sebuleni?"

"Sebuleni."

Mimi nilikuwa uani kwenye jiko la mkaa, chai inakaribia kuchemka. Hapo umeme ukakatika. Mashine ikazima.

Nilipochungulia, wifi alikuwa ameshasimama. Mashine ikipata joto, barafu ya kwenye kuta inayeyuka na unyevu unarudi kwenye matunda. Mapapai yote ya msimu yalikuwa mle, na dawa ni kuyatoa na kuyafunga upesi. Binti akamshika gauni.

"Mama, nakuomba. Leo tu."

Wifi akamtazama mwanawe, akawatazama wageni.

"Ndugu zangu, mtanisamehe. Kazi yangu inaharibika sasa hivi. Siwezi kukaa hapa nikiwachekea huku moyo uko kule. Chai itachelewa." Akanigeukia. "Wifi, epua sufuria. Lete makaa."

Mashine ya kubana mifuko nayo inataka umeme. Ukikatika, yeye hutumia pasi ya mkaa: anaipitisha kwenye mdomo wa mfuko juu ya kipande cha mbao. Na makaa yaliyowaka nyumbani mle ni yale ya chai tu.

"Wifi, haijachemka!"

"Basi haijachemka."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tuliwapa jembe kabla ya chai.

Wa kwanza kuinuka ni fundi cherehani. Akavua koti. "Hiyo pasi niachieni mimi. Ikizidi moto mtatoboa." Kaka akashika mifuko, binti akajaza huku machozi yanamlengalenga, wifi akatoa trei na kupima, mdomoni, moja baada ya nyingine. Mama wa kijana hakutikisika. Macho tu ndiyo yalikuwa yanakwenda na mikono ya wifi.

Halafu akainuka. Akaijia trei ya mwisho, ambayo haijapimwa, akachukua kipande cha katikati. Nikasema moyoni, angalau ataonja. Hakuonja. Alikivunja, akakigusisha mdomo wa juu.

"Hiki baridi."

Wifi akavunja kingine, akapima. "Kweli. Baridi."

"Utaifunga hivyo hivyo? Nani atajua?"

"Siifungi, mama. Hiyo tutaila sisi, leo leo."

"Ungeifunga ningeondoka." Akaweka mkoba sakafuni, akakunja mikono ya gauni. "Binti, sogea. Unajaza kama unamwaga mchanga. Hivi, taratibu, visivunjike."

Binti akasogea, akafuta macho kwa kiwiko. Tulimaliza mifuko yote, kisha tukaila ile trei bila chai, vipande vinanatanata kwenye meno, fundi cherehani akisifia pasi kuliko papai.

Wakati wa kuaga, mama wa kijana alimshika binti mkono mlangoni.

"Kwetu makochi yapo, tena mengi," akamwambia. "Ukija ukataka kuyauza, unishirikishe kwanza."