Prizi ya Rosalie na Kilio cha Mzee Alphonse

Prizi ya nje, soketi ya umeme ya barazani, haiwashwi siku ambayo waya wake wa ardhi haupo. Rosalie alijiwekea sheria hiyo na akaishika hata pale avenue nzima ilipomtaka aivunje. Mimi nasema alifanya vema, ingawa kwetu Likasi kusema hivyo siku hizi ni kama kutukana watu.

Rosalie ni fundi wa kushona. Anakaa katika moja ya nyumba za zamani za wafanyakazi, zenye vyumba vya giza, na mashine yake ya umeme ilihitaji mwanga wa barazani. Wengine hapa wangepitisha waya dirishani, wakaumenya kwa meno, wakaunga kwa kipande cha sashe ya plastiki na kumwachia Mungu ulinzi. Rosalie hakutaka. Alimwita Adrien, fundi wa umeme, akavuta kiti akamtazama akifanya kazi.

Adrien aliteremsha swichi kuu kwanza, kisha akapima kwa testa kuhakikisha kwamba nyaya zimekufa kweli. Alipitisha kebo ndani ya bomba mpaka nje, akafunga prizi yenye kifuniko chini ya paa, juu kiasi cha kifua, mahali ambapo mvua hairuki. Katika kisanduku cha umeme aliweka dizhonkta, swichi inayojizima yenyewe kura (ndivyo tunavyouita umeme) inapovuja. Mwisho akazamisha ardhini nondo ya shaba karibu na ukuta na kuifunga na waya wa tatu, ili kura ikipotea njia iende udongoni, isipite katika mwili wa mtu.

"Mama, hii dizhonkta na hii shaba ni bibi na bwana," alisema. "Moja ikikosekana, usiwashe."

"Na bwana akitoroka?"

"Unaniita. Usimutafutie mwingine."

Wakacheka. Rosalie alishona pale barazani msimu wote wa baridi, na wateja wakaongezeka.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja alikuta shimo kando ya ukuta. Nondo ilikuwa imeng'olewa na waya wake kukatwa. Tumefika hapo! Mji mzima unaishi kwa shaba, milima inachimbwa kila upande, na bado mtu anakuja kufukua kipande kinacholinda uhai wa jirani yake ili akauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao hawaulizi kitu kimetoka wapi. Rosalie aliteremsha swichi ya prizi ile, akarudi kwenye mashine yake ya kukanyaga kwa miguu. Adrien alikuwa na kazi Kambove, ilibidi amngoje.

Kabla Adrien hajarudi, Mzee Alphonse, jirani wa nyumba ya tatu, akafariki. Desturi yetu inajulikana: penye kilio, nyumba yenye kura ya nje inaitoa kwa ajili ya taa na muziki, wala haiulizi. Kuinyima ni kumnyima marehemu. Mwanawe Hénoc, mchuuzi wa madini, alifika alasiri na rola ya waya begani, wanaume wawili nyuma yake wamebeba baffle kubwa, spika ya muziki. Chef wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, alikuwa pamoja nao.

"Mama Rosalie, tunaomba kura. Bantu banajaa, na mvua inakuya."

"Pole sana, mutoto yangu. Baba yako alikuwa muntu muzuri. Lakini kura ya inje haiko. Baliiba waya ya ardhi."

Hénoc akawageukia wenzake. "Munasikia? Baliiba ardhi! Likasi yote hii, ni ardhi ya Mama Rosalie tu ndiyo baliiba!"

Wakacheka, siku ya msiba.

"Cheka tu. Minye nakupa makala ya kupikia, nakupa viti yote, nakupa lampe ya batri. Kura hapana. Turubai ya nguzo ya chuma, udongo ya maji, bibi banapika bila viatu. Kura ikikamata muntu pale, nani atajibu?"

"Eh, mama! Usitamke vile kwa kilio! Weye uko na roho ya jiwe."

Chef wa avenue alijua kwamba mwanamke yule alisema kweli. Hata hivyo akageuka, akawaongoza kwingine.

Wakaenda kwa François, jirani mwingine, aliyewapa prizi ya sebuleni bila swali lolote. Waya ukapita dirishani, viungo vyake vikafungwa kwa sashe, ukazungushwa kwenye nguzo ya chuma ya turubai. Muziki ukapigwa. Mvua ikanyesha. Jenny, dada yake Hénoc, alikuwa akiinua sufuria ya bukari, ugali wetu; mguu ukateleza kwenye tope, akashika nguzo ili asianguke. Mkono ukagandia pale pale. Watu walipiga kelele, mmoja akataka kumvuta kwa mikono mitupu. Rosalie, aliyekuwa ameleta viti vyake kama alivyoahidi, alimfokea yule asimguse, akakimbia ndani kwa François na kuteremsha swichi. Jenny akaanguka, hai.

Ungedhani wangemshukuru. Jenny alikuwa bado hajafikishwa hospitali, maneno yakaanza chini ya turubai lile lile.

"Alisema kura itakamata muntu. Na imekamata. Ile kinywa ni ya nani?"

"Na alijuaje pa kukimbilia? Bote tulikuwa tunashangaa, yeye peke eko anajua."

Hénoc aliwaambia watu wa kanisa lake kwamba jirani amemtamkia dada yake mauti, na mauti yakakaribia kutii. Mlozi! Aliyeonya akawa mlozi, aliyefunga waya uchi kwenye chuma akawa mfiwa wa kuonewa huruma, na yule aliyeng'oa shaba huenda alikula bukari ya msiba pamoja nasi. Watu wazima, waliosoma, wanaosali kila Jumapili, walikubali hadithi hiyo kwa sababu iliwaondolea kosa. Chef wa avenue, aliyesikia onyo lile kwa masikio yake, hakumtetea.

Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, vingine vikiwa vimeshakatwa. Kikundi chake cha wamama wa parokia kikamwomba "apumzike kwanza". Adrien aliporudi alipiga nondo nyingine na kuimwagia saruji juu. Prizi ni salama, na hakuna anayekuja kushonewa pale barazani.

Kushika sheria kumemgharimu Rosalie kazi yake na majirani zake. Kuidharau kumemgharimu Jenny vidole viwili vya mkono wa kulia, vilivyokatwa hospitali.