Mbavu za Koleo Si Mto

KASUKA! Jamani, Koleo kasuka kichwa kizima, cha binti yake mwenyewe, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na hakushika mbavu! Masaa sita mazima! Kama humjui Koleo utaona kelele hizi ni za bure. Basi kaa hapo.

Koleo ni msusi, mama wa makamo, mwenye saluni ya viti vitatu katikati ya duka la vioo na fundi wa redio. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, kapewa na wateja. Ukikaa kwenye kigoda chake anakivuta kichwa chako, anakiingiza ubavuni upande wa kushoto, chini ya kwapa, anakibana kama koleo linavyobana msumari. Mikono yake miwili inabaki huru, kichwa chako hakiendi kokote. Ukitaka kugeuza shingo, omba ruhusa. Mistari inatoka imenyooka kama imepigwa rula. Na pale ubavuni ni pa joto, pananukia mafuta ya nywele, moyo wake unakudundia sikioni taratibu, du, du, du. Wateja wanalala! Kuna mmoja, Mwalimu, anafundisha hesabu shule ya msingi, yeye anakoroma kabla mstari wa pili haujaisha.

Miaka ishirini na mbili ya kubana vichwa. Halafu mbavu zikasema basi.

Zilianza kwa adabu. Kitu kama sindano, kifuani upande wa kushoto, karibu na mfupa wa katikati. Akivuta pumzi ndefu, chomo. Akigeuka kuchukua kitana, chomo. Siku mbili tatu panapoa, anasema ilikuwa gesi, wiki ijayo panarudi. Chafya ndiyo ilikuwa kiama chake: akiisikia inakuja anashika ukuta na kufumba macho kama mtu anayesubiri lori limpitie.

Lakini kilichomtesa kuliko vyote ni kucheka. Na saluni isiyo na kicheko ni chumba cha nywele tu, hakuna zaidi. Msaidizi wake, ambaye wote wanamwita Dada Rangi kwa sababu nywele zake hazijawahi kuwa na rangi moja miezi miwili, akabandika karatasi kwenye kioo: USIMCHEKESHE MSUSI. Umbea haukukoma, nani angeweza kuukomesha? Ila ulianza kusomwa kama tangazo la msiba.

"Habari zilizotufikia," Mwalimu alisema siku moja, sauti kavu, kichwa kwapani, "ni kwamba mwalimu mkuu jana alikalia keki ya mgeni rasmi."

Koleo akavuta pumzi fupi, kwa uangalifu.

"Keki nzima?" Koleo aliuliza polepole.

"Robo tatu. Robo iliyobaki akatugawia walimu."

"Mkaila?"

"Tulikuwa na njaa, dada."

Koleo alijitahidi. Aliuma mdomo, akaangalia dari, akajikumbusha misiba yote ya ukoo wao. Wapi! Kicheko kikampasuka, maumivu yakaja nyuma yake, na kwa kuwa kichwa cha Mwalimu bado kilikuwa ndani ya koleo, wakapiga kelele wote wawili, mmoja mbavu, mmoja shingo.

Ndipo binti yake akatokea mlangoni. Huyu ndiye kifungua mimba wake, anafanya kazi ofisini, ana kile kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nyumbani wanamwita Mkurugenzi. Alianza kuamrisha watu akiwa na miaka minne.

"Mama! Mbona unashika kifua?"

"Sishiki. Nakipapasa."

"Kimeanza kuuma lini?"

"Hakiumi. Kinachoma tu, kinaacha."

"Lini, Mama?"

"Mvua za mwaka juzi."

Mkurugenzi akamgeukia Dada Rangi. Dada Rangi akaitazama ile karatasi ya kwenye kioo kama ndiyo kwanza anaiona.

"Twende hospitali sasa hivi. Kifua si kisigino, hakisubiri."

Na hapo, hata kama ni mkurugenzi wa kujipachika, alikuwa amesema la maana.

Hospitali wakambandika Koleo nyaya kifuani mpaka akafanana na mali ya jirani yake fundi wa redio. Karatasi ikatoka na milima milima. Daktari akaisoma, akasikiliza na mapafu, akasema moyo mzima, mapafu mazima. Halafu akaweka kidole kimoja kando ya mfupa wa kifua. Akabonyeza.

"UUUWI!"

"Ni hapa?"

"Daktari, foleni nzima huko nje imeshajua ni hapo, wewe bado unauliza?"

Akamweleza. Mbavu zinapokutana na mfupa wa kifua kuna gegedu, kitu kigumu kidogo na laini kidogo, kama cha sikioni. Lake limechokozwa muda mrefu mpaka limekasirika. Haliui, lakini ni sumbufu, linaondoka na kurudi kama mgeni asiyeaga. Akampa dawa za kutuliza, ameze akiwa ameshakula, kisha akamtuma chumba cha pili kwa mtaalamu wa viungo.

Mtaalamu mwenyewe kijana, mrefu, mpole.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nasuka."

"Unasukaje?"

"Kwa mikono. Wewe ulidhani?"

"Hebu nionyeshe."

"Nipe kichwa."

Mkurugenzi akarudi nyuma hatua mbili, ana wigi jipya. Basi kijana wa watu akavuta kigoda, akakaa, akatoa chake. Na Koleo hajui kufanya kazi nusunusu. KAP! Kichwa cha mtaalamu kikapotea.

Halafu sauti ikatoka mbali, kama ya mtu aliyetumbukia kisimani.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Sikio langu liko wapi?"

"Ubavuni kwangu."

"Sasa nibane kama kazini."

Akambana, na aliyelia akawa yeye mbanaji. "Uuuwi!"

"Basi ndipo panapouma. Hapo hapo lilipo sikio."

Koleo akakitazama kile kichwa ubavuni kwake. Looh! Ndipo! Miaka yote hii kasingizia gesi, baridi, godoro, na shemeji yake mwenye kijicho.

"Sasa niachie, Mama."

"Subiri. Una mba huku nyuma. Njoo Jumanne."

Alipotolewa, sikio lake lilikuwa limekunjika kama karatasi ya pipi. "Hizi ni mbavu, Mama," akasema huku analinyoosha. "Wewe umezifanya mto wa mji mzima, na juu yake unajipinda kiuno." Akampa masharti. Mteja akae kiti kirefu. Yeye akizunguke kichwa kwa miguu, asijipinde. Kila nusu saa apumzike. Kitambaa cha moto panapouma. Akitaka kucheka au kukohoa, akumbatie mto. Na mara tatu kwa siku asimame mlangoni, mikono yote miwili kwenye fremu, mguu mmoja mbele, asogeze kifua polepole na kuvuta pumzi, asilazimishe.

Hilo la mlangoni ndilo lililoleta balaa. Mtu anakuja kusukwa anamkuta mwenye saluni amejaza mlango mzima, mikono huku na huku, kifua mbele, macho yamefumbwa. Mmoja akauliza kuna deni gani jamani. Mwingine akapita zake akidhani pamefungwa. Fundi wa redio akamwambia, "Jirani, kama unazuia wezi, saa nne asubuhi hawajaamka."

Maumivu yakapungua wiki ya kwanza. Lakini mistari, jamani, mistari! Kichwa kisichobanwa kinacheza. Mteja anageuka kumwona mpita njia, mstari unageuka naye. Mwanamke mmoja alitoka pale na mistari kama njia ya mbuzi. Na Mwalimu akanuna kabisa.

"Unanisuka kwa mbali kama nina upele? Na usingizi wangu nitaupata wapi? Nyumbani nina wanaume watatu na televisheni moja."

Koleo moyo laini. Akachungulia nje, akaona Mkurugenzi hayupo, akamwambia, "Leo tu." KAP. Mwalimu akakoroma, mistari ikanyooka, dunia ikarudi mahali pake.

Asubuhi yake Koleo hakuweza kuinua mkono kufunga kitambaa kichwani. Kuvuta pumzi tu, anavuta kwa awamu. Mkurugenzi alipofika hakuuliza maswali. Aliona.

"Nimechoka, Mama. Jumamosi nakuja na kufuli langu. Nitakalia kiti mimi mwenyewe. Ukinibana, au ukishika mbavu hata mara moja, nafunga saluni, unahamia kwangu. Chumba cha nyuma kipo, kina televisheni."

"Nikamsuke nani huko? Mtangazaji?"

"Utapumzika."

"Mwanangu, mimi nikipumzika ndio ninaumwa."

Alisema kwa mzaha, lakini Mkurugenzi alipoondoka, Koleo alikaa kwenye kiti cha wateja, akaiangalia saluni yake kwenye kioo. Vitana vyake. Kigoda. Dada Rangi ambaye alimtoa kwao hajui hata kufumua. Hakucheka, na haikuwa kwa sababu ya mbavu.

Alhamisi Mwalimu akaja na rundo la madaftari ya kusahihisha, bado amenuna. "Kama silali, nafanya kazi." Akavuta meza ndogo ya kucha, akaiweka mbele yake, akafungua daftari la kwanza. La pili. La tatu mtoto kaandika saba mara nane ni mia moja na kitu. Mwalimu akasema "ee Mungu," akaweka paji la uso juu ya madaftari. Akalala.

Koleo akasimama na kitana hewani. Kichwa kimetulia TULI, kama jiwe la kusagia. Kiko usawa wa viwiko vyake. Hakijabanwa na mtu. Akaanza kusuka nyuma, akazunguka kushoto, akazunguka kulia, amenyooka wima kama askari wa gwaride.

"Dada Rangi," akanong'ona, "lete mto. Na mtu asimwamshe huyu."

Jumamosi saa mbili Mkurugenzi akaingia na kufuli mkononi, kubwa, kama la ghala. Akakaa kiti kirefu. Mbele yake meza, juu ya meza mto.

"Hii nini?"

"Weka kichwa."

"Mimi silali ovyo, Mama. Nimekuja kukukagua."

"Kagua ukiwa umeinama."

Dakika kumi na mbili! Dada Rangi alipima kwa simu. Mkurugenzi alilala mdomo wazi, kufuli likamteleza likaanguka sakafuni kwa kishindo, wala hakushtuka. Kumbe mwanamke huyu hajalala vizuri tangu siku ile alipomkuta mama yake ameshika kifua. Koleo akasuka. Kila nusu saa anakwenda mlangoni, anajinyoosha, anarudi. Saa sita wakamgeuza shavu. Saa saba na nusu wakamwinua, akasukwa mbele akiwa anasinzia wima. Saa nane, tayari.

Akafumbua macho, mkunjo wa foronya shavuni, akageukia mashahidi.

"Kanibana?"

"Hakukubana," Dada Rangi akasema.

"Kashika mbavu?"

"Mimi nafundisha hesabu, sidanganyi," Mwalimu akajibu. "Mara sifuri."

Mkurugenzi akajitazama kwenye kioo. Akapiga picha kisogo kwa simu, akaikuza, akafuata mistari mmoja mmoja akitafuta kosa. Hakulipata, na uso ukamlegea kama wa mtoto.

"Vichwa viwili kwa siku, Mama."

"Vitatu."

"Viwili na nusu."

"Nusu kichwa nitamsuka nani?"

"Watoto."

"Watoto sawa," Koleo akasema, na tayari alikuwa anafuta kiti kwa ajili ya anayefuata.

Zile mbavu hazijahama mji, msidanganyike. Baridi ikizidi zinapiga hodi, akijisahau zinamkumbusha, na siku hizo anasuka kimoja tu, anaweka kitambaa cha moto, hapandwi na hasira. Anajua ni nini na anajua cha kufanya. Ila na wewe usijitibu kwa kusoma tu hapa: kifua kikikuuma kapimwe kwanza kama alivyopimwa yeye, na kikikubana pamoja na jasho, pumzi fupi, au maumivu ya kwenda mkononi au kwenye taya, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Tafadhali mtumie hii msusi wako, na mtu mwingine yeyote unayemjua anayefanya kazi huku kashika mbavu.