Sahani Sita za Kiwanda cha Bia

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa naosha vyombo vya kale katika duka moja Greyville, mtaa wa nyuma ya uwanja wa mbio za farasi. Bosi alikuwa Mhindi mzee, mzaliwa wa palepale Durban. Mwenzangu kazini alikuwa Mkongomani mtu mzima, kazi yake kufunga vyombo visivunjike njiani. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nimepita miji mingi bila kutulia hata katika mmoja, na karatasi yangu ya kuishi nchini ilikuwa imekwisha muda. Nilimwogopa kila mtu mwenye sare, hata walinzi wa maduka.

Siku moja likaja sanduku la sahani za kaure kutoka nyumba moja ya mtaa wa Berea. Nikauliza maswali mpaka bosi akachoka. Ukoo mmoja ulikuwa na kiwanda cha bia, akasema, na mbele ya kiwanda ukajenga mkahawa, ili watu wapate kula huku wakinywa bia ya hapohapo. Sahani zilitengenezwa ng'ambo kwa ajili ya mkahawa huo tu. Kila moja ilikuwa na nembo ya dhahabu ukingoni, pipa na masuke mawili ya shayiri. Mhudumu akivunja sahani, alitakiwa kupeleka jikoni kipande chenye nembo. Asipokuwa nacho, alihesabiwa mwizi.

Kiwanda kilishauzwa, mkahawa ukabomolewa. Mwenye sahani sasa alikuwa binti wa mwisho wa ukoo, bibi kizee, na Jumatatu asubuhi angekuja kuzitazama kabla ya kukubali ziuzwe.

Sahani sita kati ya hizo zilikuwa na madoa ya kahawia. Nyumbani Tanga, mama alitoa madoa ya chai kwenye vikombe kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Jumamosi adhuhuri, kabla hatujafunga, nikazitia zote sita kwenye beseni la dawa hiyo, nikaondoka nikijisifu moyoni.

Jumatatu nilifika wa kwanza. Nikatoa sahani ya juu. Madoa hayakuwepo. Nembo nayo haikuwepo. Nikazitoa zote, kisha nikapapasa ndani ya beseni, kama vile dhahabu imezama na ningeweza kuiokota.

Mkongomani akaingia, akasimama nyuma yangu.

"Mungu wangu! Umefanya nini, mdogo?"

"Nimeosha."

"Hii si kuosha, hii ni kuchuna. Sasa iko sahani za kantini." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Unajua bosi atasema nini? Atasema umeuza zile za nembo, umeleta hizi za sokoni."

Hilo sikuwa nimeliwaza.

"Kaka, sema uliniona nikiziloweka."

"Jumamosi? Nilitoka mapema, nilikuwa kwenye kwaya! Na mimi karatasi yangu iko namna gani? Niseme uongo, polisi watubebe wote wawili?"

Mlango ulikuwa wazi. Nimekimbia miji kwa sababu ndogo kuliko ile. Lakini nikikimbia, wizi ungekuwa wangu moja kwa moja. Nikabaki, nikazipanga sahani mezani.

Bibi alikuja na bosi. Aliketi, akapitisha kidole juu ya kila nembo polepole. Alipofika kwenye zile sita kidole kikatafuta, kikakosa.

"Hizi si zetu."

Bosi akanigeukia. "Zile sita ziko wapi?"

"Ni hizohizo, bosi. Nililoweka kwenye dawa ya nguo. Naapa."

"Hadithi za namna hiyo nimezisikia sana," akasema, akaweka mkono juu ya simu. Nilimtazama Mkongomani, alikuwa anatazama viatu vyake.

Bibi akainua sahani, akaiinamisha kuelekea dirishani. Pale nembo ilipokuwa, mng'ao wa kaure ulikuwa umefifia, na katika kufifia kule pipa na masuke vilionekana, kama pumzi juu ya kioo.

"Dawa ya nguo," akasema. "Kwa muda gani?"

"Tangu Jumamosi, mama."

Akaiweka sahani chini. "Baba alikuwa na mwosha vyombo. Sahani nane zilikutwa hazina nembo. Yule mtu aliapa hivihivi, kwamba alizisafisha tu. Baba akaita polisi. Hakuna aliyeziinamisha kwenye mwanga."

Bosi akaondoa mkono kwenye simu. Nilipaswa kushusha pumzi, lakini nilikuwa nikimwaza yule mtu. Alisema ukweli, maneno yaleyale yangu.

"Alifanywa nini, mama?"

"Sijui. Nilikuwa mtoto. Tulikuwa mezani." Akatazama mikono yake. "Tuliendelea kula."

Alipoondoka, bosi aliniambia nirudi kuosha, kwa sabuni ya kawaida. Nikajibu ndiyo. Lakini hadi saa sita mchana sikugusa chombo. Kila gari lililosimama nje nilidhani limekuja kunichukua.