Maji Tuliyowaomba Walete

Siku hizi sifundishi tena kwa kusoma mbele ya ubao huku wanafunzi wakinakili. Nawaomba walete kitu cha kwao mezani. Wiki ile walileta maji ya nyumbani, kila mmoja chupa yake, nasi tukavua samaki wadogo katika bwawa la kitivo ili tuwatie katika maji hayo. Kanuni ni hii: bashiri kwanza, tazama, kisha eleza mwenyewe. Anayeniomba jibu mimi, asistanti wao wa chuo, wenzake humrudishia swali kwa sauti moja: "Weye unawaza nini?" Wanaupenda mchezo huo kupita kiasi.

Msichana mmoja mnyamavu alileta maji ya kisima cha kwao, jirani na mahali wanapooshea mawe ya shaba. Yalikuwa maangavu kuliko ya wote. Akabashiri kwamba samaki wake ataishi. Sikuwa nimemaliza kuzunguka meza, samaki akawa amelala ubavu.

"Eh, mama! Kwenu munakunywaka asidi ya batri?" mwenzake akamtania. Meza nzima ikacheka.

Yeye hakucheka. Aliyatikisa maji yaliyobaki ili yaingie hewa, kama nilivyowafundisha, akatia samaki mwingine. Huyo naye akalala.

"Asistanti," akaniambia habari za dada yake mkubwa, "yaya yangu iko na mimba. Hii njo mayi anakunywaka. Tufanye nini?"

"Weye unawaza nini?" darasa likaitikia, kwa furaha ya mazoea. Kisha maneno yake yakawafikia, wakanigeukia.

Nikasema samaki wawili hawatoshi kuwa ushahidi. Nikasema ingebidi tupime metali, na maabara yetu haina dawa za kupimia. Nikasema kwa sasa wachote kwingine.

"Kwingine wapi, asistanti?" Aliuliza bila hasira, kama mtu anayeamini kweli kwamba ninapajua.

Kesho yake alasiri akanipigia simu.

"Kama tunachemsha?"

Nikamweleza kwamba moto huua vijidudu, lakini metali hauiondoi. Hubaki mle mle sufuriani. Nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamke: "Anasema nini?"

"Lakini tuchemshe tu?" akaniuliza tena.

"Muchemshe tu," nikasema.

"Yaya!" nikamsikia akiita, sauti imechangamka ghafla. "Asistanti anasema tuchemshe!"